Kovu la Gitaa: Historia ya Shule Zetu Iliyoandikwa kwa Kucharaza

Historia ya shule za Pwani imekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu kila mwandishi amepita njia ile ile. Tumesoma kwamba Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikaletwa Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Tumesoma kwamba mwaka 1963 Tanganyika ilitia saini mapatano na nchi za Ulaya ya kaskazini, kwamba Shule ya Sekondari Kibaha ikaanza mwaka 1965, na kwamba Januari 1970 kituo kizima kilikabidhiwa kwa serikali yetu, pamoja na kituo cha afya na chuo cha wakulima. Tumesoma habari za wakuu wa shule, mabweni na vikombe vya michezo. Yote hayo ni kweli, na yafaa yakumbukwe.

Lakini iko hati moja ambayo haijasomwa na mtu, kwa sababu haikuandikwa kwa wino. Hati hiyo ni kovu lililo kwenye uso wa gitaa kavu la shule, pale chini ya tundu la sauti, ambapo vanishi imekwisha, ubao umekuwa mweupe, na pengine umetoboka kabisa. Wengi wetu tuliliona kovu hilo tukadhani ni uchakavu tu. Azma ya makala haya ni kuonyesha kwamba kovu hilo ni historia, na kwamba historia hiyo inafutwa sasa hivi, tena na watu wenye nia njema.

Kovu lenyewe ni nini

Uso wa gitaa kavu ni ubao mwembamba sana, wa unene wa milimita 3 hivi. Katika magitaa mazuri hukatwa kutoka miti ya nchi za baridi iliyo jamii ya msonobari, nayo huchaguliwa kwa kuwa ni myepesi na hutetemeka upesi. Kwa ndani ubao huo hushikiliwa na mbavu nyembamba zilizogundishwa. Mbavu hizo hazina budi kuwa imara, maana nyuzi 6 za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Juu ya ubao hupakwa vanishi, na hiyo ndiyo ngozi ya gitaa.

Mtu anapocharaza kwa kile kipande cha kuchapia nyuzi, ambacho wanamuziki hukiita piki, mkono hushuka na kupanda. Mcharazaji mpole huishia kwenye uzi wa mwisho. Mcharazaji mkali hupita uzi wa mwisho na ncha ya piki ikagusa ubao. Mguso mmoja si kitu. Lakini tupige hesabu kidogo. Wimbo wa dakika 3, wenye mapigo 100 kwa dakika, mkono ukishuka na kupanda katika kila pigo, una michapo 600. Nyimbo 10 katika jioni moja ni michapo 6,000. Jioni 12 za Jumamosi katika muhula mmoja ni michapo 72,000. Hata kama mchapo 1 tu katika 10 ndio unaogusa ubao, gitaa limekwaruzwa mara 7,200 kabla ya kufunga shule.

Kwanza hufifia mng'ao, kisha vanishi hukatika, ubao ukabaki wazi. Ubao ukiwa wazi jasho na vumbi huingia, ndipo uharibifu unapokwenda mbio. Ubao wa miti hiyo una mistari laini na mistari migumu, ambayo ni alama za misimu ya kukua kwa mti. Piki hula kwanza mistari laini, na ile migumu husimama kama matuta ya shamba la mihogo. Magitaa ya bei nafuu, ambayo ndiyo tuliyoyajua wengi wetu, yalikuwa ya plaiwudi. Hayo huonyesha tabaka moja baada ya jingine, na fundi aweza kuyahesabu.

Gitaa lilivyotufikia

Gitaa halikuzaliwa Uzaramoni. Umbo lake la sasa limetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya fundi Antonio de Torres wa Hispania, katika karne ya 19, wakati nyuzi zilipokuwa za utumbo wa mnyama na watu wakipiga kwa vidole. Wapigaji wa flamenko, ambao hugongagonga uso wa gitaa, walibandika bamba jembamba kuukinga. Nyuzi za chuma zilipoenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na piki pamoja nazo, mafundi wa huko waliona nyuso za magitaa yao zikiliwa. Kampuni ya Gibson ilianza kuweka bamba la kinga mwanzoni mwa karne hiyo, na kampuni ya Martin ikafuata kwa jumla katika miaka ya 1930. Bamba tunaloliona leo kama pambo ni jawabu la kovu hili hili.

Piki nazo zina jambo linalotuhusu sisi watu wa Pwani. Piki zilizosifiwa kuliko zote zilikatwa kutoka gamba la ng'amba. Na biashara ya gamba la kobe katika mwambao wetu ni ya zamani sana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, kinachoitwa Periplus, chataja gamba la kobe miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya mwambao huu wa Afrika ya Mashariki. Tangu miaka ya 1920 piki za selulodi zilianza kuchukua nafasi ya gamba, na baada ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, biashara ya gamba la ng'amba ikapigwa marufuku. Vijana wa mabwenini hawakuwa na hili wala lile. Piki zao zilikatwa kutoka kichana kilichovunjika au kidumu cha plastiki, na asiyekuwa na plastiki alitumia sarafu. Kila kifaa kilikuwa na meno yake. Plastiki laini ilikwaruza polepole, sarafu ilitafuna.

Kuhusu magitaa yenyewe, jina lililoenea kwetu ni galatoni. Jina hilo limetoka kwa alama ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza sahani za santuri na magitaa ya bei nafuu. Lilienea hata watu wakaita galatoni kila gitaa lisilo la umeme. Gitaa la alama hiyo hiyo ndilo alilokuwa nalo kijana John Lennon wa Liverpool mwaka 1957, kabla Beatles hawajajulikana. Lebo iliyokuwa ndani yake iliahidi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Ndugu zangu, magitaa ya jamaa hiyo ndiyo tuliyoyaacha stoo pamoja na madawati yaliyovunjika.

Kwa nini tulicharaza kwa nguvu

Bila shaka msomaji atauliza: kwani haikuwezekana kupiga kwa upole? Iliwezekana. Wapigaji mashuhuri wa gitaa kavu katika nchi za jirani walipiga kwa vidole. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada, na magitaa mawili yakasikika katika moja. George Mukabi wa Kenya naye alipiga kwa vidole. Aliyepiga namna hiyo alikaa kitako, wasikilizaji wakamzunguka kimya.

Mwanafunzi wa bweni hakuwa na wasikilizaji wa namna hiyo. Alikuwa na wenzake 40 wanaoimba kwa sauti moja, mezani panagongwa vijiko, na nje wengine wanacheza. Katika redio alikuwa amesikia Western Jazz, Kilwa Jazz, Cuban Marimba na Morogoro Jazz, bendi zenye gitaa la solo, la ridhimu na la besi, ngoma, na vipaza sauti. Barabara ya Morogoro, ambayo bendi zilipita zikisafiri kati ya Morogoro na Dar es Salaam, inapita Kibaha hapo hapo. Muziki mkubwa ulipita mlangoni, lakini ndani ya bweni palikuwa na gitaa moja kavu, bila umeme wa kulipaza. Gitaa hilo moja lilitakiwa kuwa bendi nzima. Kazi hiyo haifanyiki kwa vidole, inafanyika kwa piki na bega.

Jambo la pili ni ngoma. Kijana wa Kisarawe aliyekua akisikia mdundiko ukipita njiani na msafara wake, hakulishika gitaa kama mtu aliyefunzwa kwa nota. Alilishika kama ngoma yenye nyuzi. Alitaka lipige mwendo na kuinua watu. Hata alipoingia kwaya ya kanisani au ya UKWATA, au alipomaliza kidato cha 6 akaenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa pale Ruvu, mkono wake ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba mpiga ngoma wa Kizaramo ngozi ikichoka huivua akawamba nyingine, akaiota motoni, ngoma ikarudi ujana. Gitaa halina ngozi ya kubadilisha. Kilichopotea usoni pake hakirudi.

Jambo la tatu ni uhaba. Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu, nyuzi za gitaa zilikuwa lulu. Wengi walitumia waya wa breki ya baiskeli. Waya huo ulikuwa mgumu, haukulia vizuri ila umechapwa kwa nguvu, na kila nguvu iliyoongezwa ililiwa na ubao. Basi mtu akikuta gitaa la miaka hiyo lenye kovu pana, asifikiri kwamba aliyelipiga alikuwa mjinga wa muziki. Anaona alama ya nchi isiyokuwa na nyuzi, na vijana wasiokubali kukaa kimya kwa sababu hiyo.

Kovu husomwaje

Fundi mzoefu akilitazama gitaa kuukuu aweza kueleza mengi kabla hajaligusa uzi. Aliyepiga kwa vidole huacha alama ndogo, mara nyingi nukta moja alipoegemeza kidole cha mwisho. Aliyecharaza huacha kovu refu kama jani la mwembe, kuanzia ukingo wa tundu kuelekea daraja la nyuzi. Kovu likiwa karibu na shingo, mpigaji alitafuta sauti nene ya kusindikiza waimbaji. Likiwa karibu na daraja, alitafuta sauti kali ya kukata kelele. Yakiwa makovu mawili yanayopishana, gitaa lilipita katika mikono ya vizazi viwili vyenye mitindo miwili.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua. Katika shule moja ya Pwani, ambayo sitaitaja, palikuwa na gitaa kavu lililokuwa na kovu la kawaida upande wa chini wa nyuzi, na kovu la pili upande wa juu, mahali ambapo piki haifiki kamwe. Mgeni asingeelewa. Sisi tulielewa, maana mwenzetu mmoja alikuwa wa mkono wa kushoto. Hakuna aliyempa ruhusa ya kugeuza mpangilio wa nyuzi, kwani gitaa lilikuwa la wote. Akajifunza kulishika kichwa chini miguu juu, nyuzi nene zikiwa chini na nyembamba zikiwa juu, akavumbua namna yake mwenyewe ya kubana vidole. Alicharaza hivyo kwa miaka minne. Upande wa juu wa gitaa hauna bamba la kinga, kwa hiyo ubao uliliwa kuliko upande mwingine. Mwenzetu huyo ametangulia mbele ya haki. Hakurekodi wimbo wowote, na jina lake halimo katika ubao wa heshima, maana hakuwa kaka mkuu wala mchezaji wa timu ya shule. Katika shule nzima alama aliyoiacha ilikuwa hiyo moja.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na sherehe, na ikaonekana vifaa vya zamani vipendezeshwe. Gitaa lile likapigwa msasa uso wote, likazibwa matobo kwa lipu ya mbao, kisha likapakwa rangi ya mafuta, nyekundu iliyokoza. Likawekwa mezani, wageni wakalisifu. Lakini sauti haikuwamo tena, kwa sababu msasa ulipunguza ubao, na rangi nzito ikauzuia kutetemeka. Na makovu yote mawili yalikwisha. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya, walitaka kuiheshimu shule.

Wenzetu ulimwenguni wamefanyaje

Huko Marekani yuko mwimbaji Willie Nelson, aliyelipata gitaa lake mwaka 1969 na akalibatiza jina Trigger. Ni gitaa la Martin la nyuzi za nailoni, la aina iliyokusudiwa vidole, kwa hiyo halikuwekwa bamba. Yeye akalipiga kwa piki miaka na miaka, hata likatoboka tundu la pili karibu na daraja. Hakulitupa wala hakuliziba. Fundi huliimarisha kwa ndani, mbavu zikatiwa nguvu, na lile tundu likaachwa lilivyo. Leo gitaa hilo ni mashuhuri karibu sawa na mwenyewe.

Sisemi kwamba kila gitaa lililotoboka ni hazina. Tusipoziba ufa tutajenga ukuta, na gitaa lenye mbavu zilizoachia litabomoka tu. Ninachosema ni kwamba kutengeneza na kufuta ni mambo mawili. Atengenezaye huzuia uharibifu usiendelee, na alama iliyokwisha kuwapo huiacha ionekane.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne kwa wanafunzi wa zamani wa Kibaha, wa Minaki, na wa shule nyingine za wilaya hizo mbili.

Kwanza, kabla ya fundi yeyote kugusa chombo cha zamani cha shule, chombo hicho kipigwe picha uso, mgongo na shingo, na picha ziwekwe maktaba. Simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo.

Pili, waliolipiga waandikwe. Ziko alama ambazo watu wachache tu wanaweza kuzieleza, nao wanapungua kila mwaka. Karatasi moja ndani ya kasha, yenye majina na miaka, itafanya gitaa la shilingi chache kuwa kumbukumbu ya shule.

Tatu, gitaa likihitaji matengenezo, liimarishwe kwa ndani. Kovu lisafishwe kwa kitambaa kikavu, kisha lipakwe vanishi nyembamba kuzuia jasho na unyevu. Msasa usipite juu yake, wala rangi ya mafuta.

Nne, vijana waliopo wapewe magitaa mengine ya kucharaza, na wafundishwe kuyatunza. Waelezwe kwamba piki laini huumiza ubao kidogo kuliko ngumu, kwamba mkono ukitoka kwenye kifundo badala ya begani huishia kwenye uzi wa mwisho, na kwamba kipande cha plastiki angavu kilichobandikwa chini ya tundu huokoa miaka mingi. Lakini wasikatazwe kucharaza kwa nguvu pale wimbo unapotaka nguvu. Shule ambayo magitaa yake hayana hata mkwaruzo mmoja ni shule ambayo watoto wake hawaimbi.

Jambo la mwisho ni ombi. Wako miongoni mwetu waliochukua magitaa ya aina hiyo yalipoondolewa stoo, nayo sasa yamekaa juu ya kabati huko Mlandizi, Maneromango, Dar es Salaam au mbali zaidi. Mwenye gitaa la namna hiyo na alilete siku ya mkutano wetu, likiwa na nyuzi au halina. Litapigwa picha, wenye kumbukumbu watasema wanachokijua, na litarudi kwa mwenyewe jioni ile ile. Tunamwomba asilisafishe kwanza.